Mshale Kabla Haujatulia

Kwenye stendi nyingi za mabasi, Dar es Salaam au Nairobi, utamkuta kijana amekaa kivulini na mizani yake. Unavua viatu, unapanda, na kwa sekunde mbili tatu mshale unatetemeka huku na huku kabla haujatulia kwenye namba. Kijana anakutajia kilo zako, unamlipa, unakwenda zako. Mimi kila nikipanda hutazama kile ambacho hakuna anayekilipia, yaani ule mtetemo. Kilo zinakueleza habari za chakula na mifupa. Mtetemo unakueleza habari za ubongo, macho, sikio la ndani na nyayo, vinne vinavyoshauriana mchana kutwa ili usianguke.

Hakuna binadamu anayesimama tuli. Kitovu cha uzito wetu kiko usawa wa nyonga, karibu mita moja kutoka ardhini, na kinachokibeba ni nyayo mbili tu. Simamisha ufagio kiganjani kwa mpini wake uone: usiposogeza kiganja, unaanguka. Mwili nao ni hivyo hivyo. Misuli ya mashavu ya miguu inavuta na kulegeza bila kukoma, na mkazo wa nyayo juu ya sakafu unahama mbele na nyuma, kulia na kushoto, milimita chache hadi sentimita moja au mbili. Pale ambapo mkazo wote wa nyayo ungejumlishwa uwe nukta moja, wanafizikia wanapaita kitovu cha kanieneo. Ukiifuata nukta hiyo kwa nusu dakika na kuichora, unapata mchoro uliovurugika kama uzi uliochezewa na paka. Mchoro huo ndio tunaousoma katika kazi yetu ya fiziotherapia.

Haja ya kuusoma ni ya zamani. Daktari Moritz Romberg wa Berlin, katika kitabu chake cha magonjwa ya neva cha miaka ya 1840, alieleza wagonjwa waliosimama vizuri wakiwa wanaona, kisha wakapepesuka mara walipofumba macho. Neva zinazopeleka habari za nyayo kwenye ubongo zilikuwa zimeharibiwa na ugonjwa ambao leo tunajua chanzo chake ni kaswende. Macho ndiyo yaliyokuwa yakiwashikilia. Baadaye katika karne hiyo hiyo, Mjerumani mwingine, Karl von Vierordt, aliwavisha watu kofia yenye unyoya uliokwaruza karatasi yenye masizi juu ya kichwa, ili kuyumba kwao kujichore kwenyewe. Nampenda sana mtu huyu. Alikuwa na unyoya na masizi tu, lakini alilijua swali lake.

Karne ya 20 ilileta bamba la kupimia kani, chuma kizito kinachofungwa sakafuni, chenye sensa zinazosoma kila msukumo wa mguu kwa pande zote. Ni chombo bora. Bei yake huhesabiwa kwa maelfu mengi ya dola, na juu ya hapo kinataka chumba chake, fundi wake na umeme usiokatika. Kwa hiyo kwa miaka mingi elimu ya kusimama ilikaa katika vyuo vikuu vichache, huku watu wanaoanguka wakiwa kwingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kisha ukaja mchezo wa watoto. Desemba 2007 kampuni ya Nintendo ilianza kuuza Japani ubao mweupe wa kusimamia, uliokwenda pamoja na mchezo wa mazoezi wa Wii Fit. Shigeru Miyamoto, mbunifu wao mashuhuri, amesimulia kwamba wazo lilitokana na wapiganaji wa sumo, ambao uzito wao hulazimu kila mguu uwekwe kwenye mizani yake. Ubao ule ulikuwa na sensa ya uzito katika kila pembe, ukapeleka namba zake kwa Bluetooth, na ukauzwa pamoja na mchezo wake kwa chini ya dola 100. Wataalamu wa mwendo waliufungua wakashangaa: hili ni bamba la maabara, dogo na maskini, lakini ni bamba.

Mwaka 2010 Ross Clark na wenzake huko Australia walichapisha jibu la swali ambalo wengi wetu tulikuwa nalo. Waliwasimamisha watu 30 wasio na tatizo la miguu, kwa mguu mmoja na kwa miwili, macho wazi na macho yamefumbwa, kwenye ubao wa Nintendo na kwenye bamba la maabara, katika siku mbili tofauti. Walipima urefu wa njia ambayo kitovu cha kanieneo kilitembea. Kwa kipimo cha makubaliano ambacho 1 ni ukamilifu, kila chombo kilikubaliana na nafsi yake kati ya 0.66 na 0.94, na vyombo viwili vilikubaliana kati ya 0.77 na 0.89. Kumbuka kwamba hata bamba la bei kubwa halikufikia 1, maana kinachobadilika kutoka siku hadi siku ni mtu mwenyewe. Chombo hata kingekuwa cha dhahabu kisingemfanya mwanadamu asimame leo kama alivyosimama juzi.

Inawezekanaje kitu cha bei hiyo kiseme kweli? Hesabu yake ni ya darasa la saba, na ningependa kila mwanafunzi wa fiziotherapia aifanye kwa mkono wake. Chukua ubao ambao sensa zake za kulia na za kushoto zimetengana sentimita 30. Mtu wa kilo 60 akisimama katikati kabisa, kila upande unabeba kilo 30. Akihamia kulia kidogo, kulia kunasoma 31 na kushoto 29. Toa, unapata 2. Gawa kwa 60. Zidisha kwa 15, ambayo ni nusu ya ule umbali. Amehama nusu sentimita. Sasa geuza hesabu: ili uone amehama milimita moja tu, tofauti ya pande mbili inatakiwa iwe gramu 400. Gramu 400! Mizani ya dukani inayopima sukari inaona chini ya hapo. Uzito wa mtu ni mkubwa kiasi kwamba kuyumba kidogo kunahamisha gramu nyingi, na gramu nyingi zinaonwa na sensa rahisi. Hapo hakuna muujiza wowote wa teknolojia.

Basi kwa nini mizani ya bafuni, ile ya kioo inayouzwa Kariakoo, haitoi habari hii wakati nayo ina sensa nne pembeni? Kwa sababu imetengenezwa iifiche. Sensa zake nne zimeunganishwa pamoja zitoe namba moja, kisha kijiprogramu chake kinangoja utulie, kinafanya wastani, na kuifunga namba isicheze tena. Mtengenezaji anamhurumia mteja anayetaka kujua kilo zake. Kinachotupwa katika huruma hiyo ndicho tunachokitafuta sisi.

Fundi wa elektroniki anaweza kukiokoa. Unazitenganisha sensa nne, kila moja unaipa chipu yake ya HX711, ambayo ni chipu ndogo ya bei nafuu inayokuza na kusoma ishara za sensa za uzito, halafu unazipeleka kwenye kompyuta ndogo ya aina ya Arduino. Kila sensa ya namna hii ni nusu ya daraja la umeme, hivyo unapaswa kuongeza vizuizi viwili vya kufanana kukamilisha daraja. Wengi wanaoshindwa wanashindwa hapo. Chipu hiyo husoma mara 10 au mara 80 kwa sekunde. Chagua 80. Kuyumba kwa mtu anayesimama kawaida ni kwa polepole, sehemu kubwa ikiwa chini ya mara moja kwa sekunde, kwa hiyo 80 zinatosha na kubaki.

Hadi hapa nimesifu. Sasa niseme kinachonikosesha usingizi.

Kuna ripoti za wanafunzi ambazo huandika kwamba mgonjwa ameyumba sentimita kadhaa kwa nusu dakika, na kumlinganisha na namba za kitabu cha Ulaya zilizopimwa kwa chombo kingine. Ulinganisho huo hauna maana. Urefu wa njia ya kuyumba ni kama urefu wa pwani: ukiupima kwa kamba ya mita mia unapata jibu moja, ukiupima kwa rula ukiingia kila kijito unapata jibu kubwa zaidi. Kadiri unavyosoma mara nyingi kwa sekunde, na kadiri kelele ya umeme ilivyo kubwa, ndivyo njia inavyorefuka hata kama mtu ni yule yule.

Ukitaka kuamini, nenda dukani ukanunue mfuko wa saruji. Mfuko wa kilo 50 hauna ubongo wala sikio la ndani, na hauyumbi. Uweke juu ya ubao wako, acha ubao usome kwa sekunde 30, kisha iambie programu ikupe urefu wa njia. Itakupa namba. Ukisoma mara 100 kwa sekunde, una vipande karibu 3,000. Kila kipande kikidanganya kwa sehemu moja ya kumi ya milimita tu, mfuko wa saruji utakuwa umetembea sentimita 30. Mtu mzima mwenye afya anayesimama kwa miguu miwili hatembei mbali sana na hapo. Ndiyo maana ishara lazima ichujwe kabla ya kupimwa, na ubao wa Nintendo, ambao kwa njia ya Bluetooth hupeleka namba zake kwa vipindi visivyolingana, lazima kwanza upangwe upya katika vipindi sawa. Mpima asiyejua saruji yake inatembea kiasi gani hajui mgonjwa wake anatembea kiasi gani.

Mfuko huo huo unafanya kazi ya pili. Usogeze sentimita tano kulia kwa rula, uone kama ubao nao unasema tano. Watafiti wa Atlanta, Bartlett, Ting na Bingham, waliupima ubao wa Nintendo kwa ukali wa namna hii na kuchapisha mwaka 2014. Walikuta kwamba mahali pa kitovu cha kanieneo panaweza kukosewa hadi milimita 4.1, lakini ubao mmoja ukijirudia wenyewe unakosea ndani ya milimita 1.5. Ushauri wao ndio ninaoufuata tangu niusome: chombo hiki kinafaa kumlinganisha mtu na nafsi yake kwenye ubao ule ule. Kumlinganisha mtu wa ubao huu na mtu wa ubao ule, hapana.

Na mtu kulinganishwa na nafsi yake si jambo jepesi pia. Alisimama miguu ikiwa imeachana kiasi gani mara ya kwanza? Vidole vilitazama wapi? Alikuwa na viatu? Alitazama nini? Aliongea? Alikuwa ametoka kupanda ngazi? Mguu ukisogezwa sentimita tatu, kuyumba kwa upande kunaweza kubadilika zaidi ya vile mwezi mzima wa mazoezi unavyoweza kukubadilisha. Sisi tunaandika haya: miguu mitupu, mikono ubavuni, macho kwenye alama iliyobandikwa ukutani mita mbili mbele, sekunde 30, mara tatu, kiti nyuma, mtu mmoja ubavuni tayari kudaka. Hii ya kudaka haina mjadala. Kuna mgonjwa niliyewahi kumshuhudia akianguka kwenye kipimo cha kuanguka, mahali ambapo msaidizi alikuwa ameinamia kompyuta atazame mchoro, na sitaki kuona hilo tena.

Halafu kuna mtego ulionikamata mwenyewe. Alikuwa bibi mmoja aliyepata kiharusi, upande wa kushoto. Siku ya kwanza alisimama kwenye ubao machozi yakimtoka kwa woga, mchoro wake ukiwa mkubwa. Aliporudi baada ya wiki sita njia ilikuwa imepungua karibu nusu. Nilifurahi, nikamwonyesha mjukuu wake mistari miwili kwenye skrini. Mjukuu akatazama kwa adabu, akaniambia, “Lakini daktari, siku hizi hata chooni haendi bila kushikwa.” Nikamgusa bibi shavu la mguu: jiwe. Alikuwa amejikaza mwili mzima. Mti uliokauka hauyumbi, na upepo ukija hauinami, unavunjika.

Kitaalamu jambo hili linajulikana. Mtu anayeogopa kuanguka hukaza misuli na kupunguza kuyumba. Baadhi ya wagonjwa wa Parkinson huyumba kidogo kuliko wenye afya, na bado wanaanguka. Anayesoma namba kama mtihani wa shule, ndogo ni nzuri na kubwa ni mbaya, atawapa hongera watu walio hatarini. Mimi siku hizi siandiki namba ya ubao bila kuandika pembeni yake mambo matatu: mgonjwa anatembea wapi peke yake, ameanguka mara ngapi tangu tuonane, na anaogopa kiasi gani kwa kauli yake mwenyewe.

Simu nayo ipo, na wengi huniuliza habari zake kwa sababu kila mtu anayo. Ndani yake kuna kipimamchapuko, chipu inayohisi mvuto wa dunia. Ukiifunga simu mgongoni chini, usawa wa mkanda, na mtu akainama digrii moja, chipu inaona badiliko la mita 0.17 kwa sekunde kwa sekunde, kiasi ambacho simu ya kawaida inakiona bila shida. Kuifunga kwa kanga, kama nilivyoona ikifanywa, kunaleta mtikisiko wa kanga juu ya mtikisiko wa mtu. Mkanda mpana wa mpira ni bora. Na ujue kwamba simu inapima kiwiliwili wakati ubao unapima nyayo. Mtu anaweza kutuliza kiwiliwili kwa kuzifanyisha nyayo kazi kubwa. Namba mbili hizo zina undugu, lakini huwezi kuitumia moja badala ya nyingine.

Ila simu ina kitu kimoja ambacho nakithamini kuliko chipu yake, nacho ni saa. Watafiti wa Rio de Janeiro walichapisha mwaka 2022 habari za watu 1,702 wenye umri wa miaka 51 hadi 75, waliotakiwa kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10. Mmoja kati ya watano hakuweza. Katika miaka karibu saba iliyofuata, walioshindwa walikuwa na hatari ya kufa kubwa kwa asilimia 84 kuliko walioweza, hata baada ya kuzingatia umri, jinsia, unene na maradhi waliyokuwa nayo. Sisemi kwamba kusimama kwa mguu mmoja kunaongeza siku za kuishi. Nasema saa na sakafu vinaona mbali. Zahanati isiyo na mtaalamu wa fiziotherapia inaweza kuwasimamisha wagonjwa wote wa kisukari waliofika kliniki asubuhi hiyo: miguu pamoja, kisha nusu unyayo mbele, kisha unyayo mbele ya unyayo, kisha mguu mmoja, sekunde 10 kila hatua. Asiyefikisha 10 za unyayo mbele ya unyayo aandikwe, apewe mazoezi, miguu yake ichunguzwe kama inahisi. Hakuna kifaa cha kununua hapo.

Ubao nauhitaji kwa ajili ya wale ambao saa imewashindwa. Wagonjwa wawili wamesimama sekunde 30 kamili, saa inasema wako sawa, na mimi naona kwa macho kwamba hawako sawa: mmoja anaegemea mguu mzima wakati wote. Ubao unaniambia ni asilimia ngapi ya uzito wake imeukimbia mguu uliopooza. Namba hiyo, mgawanyo wa uzito kati ya mguu na mguu, ni rahisi, inahimili kelele, na mgonjwa anaielewa papo hapo. Ajabu ni kwamba makala nyingi zinaipita haraka zikikimbilia urefu wa njia. Kwa mtu wa kiharusi ningeanza na hiyo.

Nintendo waliacha kutengeneza mashine ya Wii mwaka 2013. Mbao zilizobaki ni za mitumba, betri zinavuja, na programu za kuunganisha zinakataa kompyuta mpya. Microsoft nao walileta Kinect, kamera ya mchezo iliyopendwa na maabara nyingi za mwendo, mwaka 2010, na ikaachwa kutengenezwa mwaka 2017. Anayejenga kliniki juu ya kitu cha mchezo ajue mwenye mchezo anaweza kuondoka nao wakati wowote, bila kuaga. Ndiyo sababu nawasihi walimu wa vyuo vyetu vya ufundi na vyuo vya afya wakae meza moja. Ubao wa mbao ya mninga, sensa nne, mchoro wa nyaya uliowekwa wazi, mfuko wa saruji pembeni. Ukivunjika, utengenezwe mtaa huo huo.

Wetu umetengenezwa hivyo. Juu yake tunatandika karatasi ya manila, na siku ya kwanza kila mgonjwa tunamchora nyayo kwa kalamu ya wino mzito. Karatasi inakaa kwenye faili lake, na kila akija anasimama ndani ya nyayo zake. Bibi wa kiharusi alirudi mwezi wa tano. Alitoka kituo cha daladala hadi mlangoni kwangu kwa fimbo, mjukuu akiwa nyuma amebeba mkoba.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Leo sijashikwa.”

Nilipotandika karatasi aliinama akaitazama kwa muda, jinsi ule mguu wa kushoto ulivyochorwa umepinda kwenda nje.

“Hizi ndizo za siku ile nalia?”

“Ndizo, bibi.”

Akamwachia mjukuu fimbo, akapandisha mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akausogeza taratibu mpaka ukaingia ndani ya mstari. Mchoro wake siku hiyo ulikuwa mkubwa kuliko ule wa wiki ya sita. Shavu la mguu lilikuwa laini.